Mwinjilisti Aliyejitenga

Matusi hayakumkasirisha Mwinjilisti wetu. Kilichomkasirisha ni kusomewa unabii kutoka kwenye simu. Mtu alikuwa akimfuata baada ya ibada, simu mkononi, anaanza, "Mwinjilisti, kuna mtumishi ameonyeshwa kwamba kabla ya mwaka kwisha..." na mzee anamkatiza, "Huyo mtumishi anaishi wapi?" Hakuna aliyejua. "Yasipotimia, tutamkuta wapi tumuulize?" Hapo mwenye simu anaitia mfukoni. "Basi msalimie," anasema Mwinjilisti, na kuendelea kufunga madirisha ya kanisa.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza juu ya nabii yeyote. Alisema manabii wa Biblia waliishi kulekule walikotabiri. Wakitabiri njaa, walilala na njaa na wao. Wakitabiri vita, iliwakuta nyumbani. Alimpenda sana yule nabii aliyetupwa kisimani na watu wake mwenyewe, na nchi ilipoharibiwa kama alivyosema, akapewa nafasi ya kwenda kuishi vizuri kwa washindi, lakini akachagua kubaki na maskini waliosalia. "Huyo namwamini," alisema, utadhani wamewahi kunywa chai pamoja.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kubaki. Huku kwetu, kwenye miteremko ya juu ya Mlola, Mchungaji ana mitaa mingi ya kuhudumia. Anapanda na pikipiki kubatiza, kufungisha ndoa na kutoa Meza ya Bwana, kisha anateremka kabla ukungu haujafunga njia. Mwinjilisti ndiye anayeishi nasi. Anaongoza ibada, anazika, anasuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, anajua nyumba ipi haikupika jana. Nilimjua huyu tangu nikiwa kwenye kwaya ya vijana mpaka nikawa mama wa watu wazima na muuza mboga sokoni, na sikumbuki hata siku moja kumwita kwa jina. Tulimwita Mwinjilisti. Mkewe tulimwita Mama Mwinjilisti, na mbuzi wao walikuwa mbuzi wa Mwinjilisti, hata walipoingia kwenye karoti za watu.

Alikuwa na namna ya kuisoma Biblia ambayo ilikuudhi kwanza, halafu ikakufuata mpaka nyumbani. Hakuwa na haja ya kuhubiri habari za mbali. Nitatoa mfano wa nyanya.

Sisi wa milima hii tunaishi kwa mboga. Nyanya, hoho, karoti na kabichi vinashuka na malori kwenda mijini. Na kila mkulima anajua jambo ambalo mnunuzi wa mjini halijui: pembeni mwa shamba kuna tuta moja lisilopigwa dawa ya wadudu, na hilo ndilo tunalokula sisi na watoto wetu. Tunaliita tuta la nyumbani. Hakuna aliyewahi kulidhania kuwa na neno lolote na dini. Mwinjilisti alichagua Sikukuu ya Mavuno, kanisa limejaa, madhabahu imezungukwa na vikapu. Alishuka akaokota nyanya moja nzuri, akauliza ni ya nani. Mzee mmoja wa kanisa akainua mkono, uso umemng'aa.

"Imetoka tuta gani, mzee wangu? La nyumbani au la lori?"

Mzee akashusha mkono. Mwinjilisti akairudisha nyanya kikapuni taratibu. Alisema Mungu tumemletea za tuta la nyumbani kwa sababu tunamwogopa, watoto wetu tunawapa hizohizo kwa sababu tunawapenda, na yule mama wa Dar es Salaam tusiyemjua tunampa zilizopigwa dawa juzi. "Amri ya kutoua haikusema usimuue unayemfahamu," alisema, akaketi. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yote. Niliuza mboga wiki ile nikiwa nimenuna, na kila mama aliyeminya nyanya yangu nilimwona ananihukumu. Wapo walioanza kungoja siku zinazotakiwa baada ya dawa ndipo wachume. Wapo pia ambao tangu hapo walileta ndizi tu kwenye mavuno.

Walipokuja watu wa kuandikisha vitambulisho vya taifa, ikavuma kwamba kuchukuliwa alama za vidole ndiyo chapa ya mnyama. Akina mama waliomba wakilia. Mwinjilisti alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alirudi na wino kidoleni, akatuonyesha kwa kupita nyumba hadi nyumba, na alipoulizwa kama haogopi alijibu, "Mnyama hana shida na kidole changu. Anatafuta mkono wa kumsaidia kumwonea jirani. Huo siku zote tumempa bila kuandikishwa." Wapo waliocheka. Wapo waliobaki nyumbani, mpaka leo hawana kitambulisho, na lawama wanamtupia yeye, eti hakuwahimiza vya kutosha.

Sitaki umdhanie malaika. Alikuwa bahili wa sukari kiasi kwamba chai ya nyumbani kwake tuliinywa kwa heshima tu. Aliwachukia vijana wenye nywele za kusuka kuliko alivyomchukia shetani, na hakuna aya aliyowahi kutuonyesha ya kumuunga mkono. Jumapili mchana, aliyetukataza kazi za kidunia alikuwa akilala kifudifudi kando ya redio akisikiliza mpira, na timu yake ikifungwa hakuongea na mtu mpaka Jumatatu. Akikasirika aligeukia Kishambaa, na Kishambaa chake kilikuwa kikali hata mbuzi walikielewa.

Na alikuwa mkali wa nidhamu ya kanisa. Kwetu mtu akizaa nje ya ndoa, akioa mke wa pili, akienda kwa mganga, anatengwa. Jina lake linasomwa Jumapili wakati wa matangazo, anaketi benchi la nyuma kabisa, na hashiriki Meza ya Bwana mpaka siku Mchungaji atakapomrudisha kundini mbele ya watu wote. Mwinjilisti alisoma majina hayo kwa miaka mingi bila sauti kutetemeka. Kesho yake ulimkuta kwa mtu aliyemtenga, amekunja suruali, anamlimia shamba. Sikuelewa kamwe mambo hayo mawili yalikaaje ndani ya mtu mmoja. Nilipomuuliza alisema jina ni la kanisa lakini jembe ni lake.

Sasa nifike kwenye kanuni yake ya maharage, kwa sababu ndiyo iliyotuumiza.

Ujanani mwake, alipokuwa akihudumu upande wa Bumbuli, alimruhusu baba mmoja asimame kanisani kushuhudia kwamba mtoto wake ameponywa. Watu waliimba, wakapiga vigelegele. Siku chache baadaye Mwinjilisti alimzika mtoto huyo, na pale kaburini yule baba akamuuliza, mbele ya watu wote, afanye nini sasa na ule ushuhuda. Alituhadithia hilo zaidi ya mara moja, na kila mara alilihadithia akitazama mikono yake.

Tangu hapo aliweka sheria. Yeyote mwenye ushuhuda wa uponyaji, ndoto au unabii alimweleza yeye kwanza, kisha akangoja msimu mmoja wa maharage, tangu kupanda hadi kuvuna. Maharage yakishaingia ndani na jambo lingali kweli, alisimamishwa mbele ya kanisa. Lisipokuwa kweli tena, hakuna aliyeaibika. Iliwaokoa wengi. Wahubiri wa kupita waliokuja na ndoto zao walikuwa wakiondoka wakisikia habari za msimu, na nakiri niliifurahia sheria ile mpaka ilipomgusa mdogo wangu.

Mdogo wangu Yunisi ana kifafa. Kilimwanza alipovunja ungo, na mara ya kwanza kumwangusha hadharani ilikuwa kanisani, katikati ya mahubiri. Watu walikimbilia ukutani. Huku wengi wanaamini mate ya mtu wa kifafa yanaambukiza. Mwinjilisti alishuka, akavua joho lake, akamwekea chini ya kichwa, akamgeuza ubavu na kuketi sakafuni kando yake. Kisha akaendelea na mahubiri akiwa ameketi palepale, mkono wake begani kwa Yunisi, mpaka mtoto alipofumbua macho. Baada ya ibada alimwambia mama yetu, "Huu ni ugonjwa na una dawa. Kesho nawapeleka hospitali mimi mwenyewe." Akawapeleka. Yunisi akaanzishiwa vidonge, na kuanguka kukawa kwa nadra.

Alikua vizuri. Alijifunza kufuma kwa mashine, na kwa kuwa huku baridi haina mchezo, masweta ya watoto wa shule yalikuwa hayamwishi. Sweta la kijivu alilovaa Mwinjilisti miaka yote ile alilifuma yeye.

Siku moja Yunisi akamwendea, akamwambia anataka kusimama Jumapili amshukuru Mungu kwa dawa na kwa watu waliomshika. Mwinjilisti akamjibu kama alivyomjibu kila mtu: "Vizuri sana, mwanangu. Tungoje maharage." Akangoja. Karibu na mavuno akaanguka mara moja, zahanati ilikuwa imeishiwa na dawa. Mwinjilisti akasema tuanze msimu mwingine. Akangoja tena, na msimu ule nao akaanguka. Mwinjilisti akamwambia kwa upole, na nilikuwepo, "Usikate tamaa. Tutapanda tena."

Hakuona alichokuwa akifanya. Wengine waliongojeshwa walikuwa na miujiza ya kupimwa. Yunisi hakudai muujiza wowote. Hakusema amepona. Alitaka tu kusema asante akiwa mgonjwa, na sheria ya Mwinjilisti haikuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo. Kila alipoanguka ilimwambia hana la kushukuru.

Kulikuwa na nabii mgeni aliyepiga hema kule chini Mombo, kwenye joto, mwenye vipaza sauti vilivyosikika barabara nzima. Yunisi akashuka na basi la asubuhi bila kuniaga. Alirudi jioni uso umebadilika.

"Dada, wamenisimamisha," aliniambia. "Siku hiyohiyo. Wamenipa kipaza sauti, watu wote wamenisikia."

"Na dawa zako ziko wapi?"

"Nimezitupa kwenye kapu la madhabahuni. Tuliambiwa aliyepona hamezi."

Nilimsihi, nilimfokea, nilimwita mama. Mwishowe nilimwita Mwinjilisti. Alikuja upesi, akakaa kigodani, akamweleza kutoka kwenye Biblia kwamba Mungu hakuwahi kugombana na dawa, kwamba nabii anayekuambia utupe vidonge halafu anakunja hema hatakuwepo utakapoanguka. Alisema maneno ya kweli tupu. Yunisi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe Mwinjilisti ulinipa misimu," akamwambia. "Yule alinipa kipaza sauti."

Mwinjilisti akainuka kwenye kigoda kama mtu aliyezeeka ghafla.

Yunisi aliangukia motoni. Alikuwa peke yake jikoni, chungu kiko mafigani, na mkono wa kushoto ukakaa kwenye makaa mpaka jirani alipoingia. Alilala hospitali muda mrefu. Alipotoka, vidole vilikuwa vimepona vikiwa vimekunjamana kwenye kiganja, na mashine ya kufuma inataka mikono miwili. Mama yetu aliwapigia simu watu wa hema, ambao wakati huo walikuwa wamehamia mkoa mwingine. Wakamjibu kwamba binti alipoteza imani njiani.

Wazee wa kanisa wakakutana. Hoja yao ilikuwa fupi: Yunisi amekwenda kwenye madhabahu ya kigeni, na anayefanya hivyo hutengwa. Mwinjilisti alikuwa mwenyekiti wa kikao. Nilisikia baadaye kwamba hakusema kitu, na wao walichukua kimya chake kuwa amekubali.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Yunisi hakuja, mimi nilikuja, kwa hasira. Nilitaka nimtazame usoni atakapolisoma jina la mdogo wangu. Alipofika kwenye matangazo alisoma zamu za kufagia, akasoma mazoezi ya kwaya, kisha akakunja karatasi.

"Kuna mtu anatengwa leo," akasema. "Alimzuia mgonjwa kumshukuru Mungu, mpaka mgonjwa akaenda kutafuta pa kushukuria. Kwa mkono wake binti wa watu ameharibika mkono."

Akataja jina. Tulitazamana, maana wengi wetu hatukulijua. Ilichukua muda ndipo tuliposikia mzee mmoja akinong'ona, "Ni lake." Alikuwa ameshavua joho na kuliweka juu ya kiti. Akapita katikati ya kanisa mpaka benchi la nyuma, wasichana wawili wenye watoto mgongoni wakasogea, akaketi. Mzee mmoja wa kanisa alimalizia ibada akisahau hata sadaka.

Hasira yangu haikujua iende wapi. Nilikuwa nimeibeba tangu nyumbani, nikarudi nayo.

Mchungaji alipanda wiki ileile. Walizungumza nje ya kanisa na sauti zilitufikia sote tuliokuwa tukipalilia karibu. Mchungaji alimwambia hakuna mtu anayejitenga mwenyewe, kanisa si mbuzi wake wa kumfungua na kumfunga. Alimwambia kuna kiburi ndani ya toba ya namna ile. Mwinjilisti alijibu kwamba huenda kipo, lakini hatashiriki Meza ya Bwana mpaka Yunisi aje kumrudisha, mbele ya watu, kama kanisa linavyowarudisha wengine.

Nilimpelekea Yunisi habari hiyo nikidhani itamfariji. Alikuwa anajaribu kumenya viazi kwa mkono mmoja.

"Kwa hiyo sasa ananingoja mimi," alisema. "Kwanza nilimngoja yeye. Sasa nikienda sokoni watu wananiuliza, Yunisi, utamsamehe lini mzee wa watu? Nimeungua mimi, halafu mwenye deni nimekuwa mimi."

Hakwenda. Tukaletewa mwinjilisti mwingine, kijana mwenye gitaa. Yule wetu aliendelea kuja kila Jumapili na kuketi benchi la nyuma. Aliwapakata watoto wa wale wasichana ili mama zao waimbe vizuri. Niliona kwamba aliacha kuwakemea vijana wenye nywele za kusuka. Mmoja wao, aliyekuwa ametengwa kwa kumpa mimba binti wa jirani, alikuwa akikaa naye bega kwa bega, na walikuwa wakitumia kitabu kimoja cha nyimbo kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yameanza kugoma. Watu wa Meza walipokwenda mbele, wale wa nyuma walibaki na Mwinjilisti wao. Nadhani hawajawahi kuwa na mwinjilisti zaidi ya wakati ule.

Yunisi alirudia vidonge vyake, na hilo alilifanya bila kuambiwa na mtu. Alianza kuuza chai na maandazi karibu na shule. Mwinjilisti alipita pale kila asubuhi akienda kukata majani ya mbuzi. Alimsalimia, Yunisi akamwamkia "shikamoo" kama adabu inavyotaka, akaitikia "marahaba," na hapo wakaishia, miaka ikaenda.

Masika iliyopita moyo wa Mwinjilisti ulichoka. Miguu ilivimba, akawa hatoki kitandani, na hospitali wakamrudisha nyumbani kwa maneno ya upole tunayoyaelewa wote. Mama Mwinjilisti alikuja kwetu asubuhi moja, kanga imelowa kwa umande. Hakutaka kuketi.

"Kesho Mchungaji anampelekea Meza ya Bwana kitandani," alisema. "Amekataa. Anasema bado ametengwa. Wanangu, mume wangu atakufa bila Meza kwa ukaidi wake, na mimi sina tena nguvu za kugombana naye."

Hakumwomba Yunisi kitu. Alituaga akaondoka. Nilingoja mdogo wangu alie au afoke. Alimaliza kuosha vikombe vyake, akasema, "Kesho utanisindikiza."

Tulifika mapema. Alikuwa amelala na lile sweta la kijivu, mito mitatu mgongoni ili apate pumzi, mwembamba mpaka nilitazama pembeni. Tulimwamkia, akaitikia. Kisha akamwona vizuri aliyekuja nami, akataka kuinuka. Yunisi akamzuia kwa mkono mzima, akavuta kiti.

"Mwinjilisti, sikuja kukusamehe," alisema. "Nisikudanganye ukiwa mgonjwa. Siku nyingine naamka nimekusamehe kabisa. Halafu nashindwa kufunga kifungo cha gauni, naanza upya."

"Najua, mwanangu. Nitangoja."

"Hapana, usingoje. Ndicho kilichonileta. Hiyo Meza unayoikataa, nani alikwambia ni yangu?"

Nje mbuzi wake walikuwa wakilia njaa, hakuna aliyewakatia majani.

"Umenipa kazi ya Mungu," Yunisi akaendelea. "Sikuiomba na siiwezi. Miaka yote hii umekaa kule nyuma, na kila Jumapili uliyokaa mimi nilikuwa naonekana nimekufunga. Leo Mchungaji akija, utakula na utakunywa, ukiwa hujasamehewa na mimi."

"Nitakuwa nimejisamehe mwenyewe, Yunisi."

"Basi usijisamehe. Pokea tu, bure. Si ndivyo ulivyokuwa ukituhubiria, kwamba pale mbele hakuna anayekwenda kwa kustahili?"

Aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika na nikaogopa ni moyo, lakini alikuwa analia. Nimewaona wazee wa kwetu wakizika watoto wao macho makavu. Sikuwahi kumwona mzee wa kwetu akilia vile, na sikuona aibu yoyote juu yake. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote, na bado nilikuwa na hasira naye, na nadhani mdogo wangu alikuwa hivyohivyo.

"Bure," alisema baadaye, kama mtu anayeonja kitu.

"Bure, Mwinjilisti."

Mchungaji alipofika na kijisanduku chake hakukuta ubishi, na alikuwa na busara ya kutouliza. Alisoma maneno yake, akamwekea mzee mkate kinywani, akamshikia kikombe. Mimi na Mama Mwinjilisti tulishiriki. Yunisi alitikisa kichwa, akapitwa, na Mchungaji hakumlazimisha. Baada ya baraka mvua ikaanza juu ya bati.

"Yunisi," mzee akasema. "Ule ushuhuda wako. Sikuwahi kuusikia."

"Umeshapita, Mwinjilisti."

"Nauliza kwa ajili yangu. Nimebaki na muda mdogo, na sitaki kuondoka bila kuusikia."

Yunisi alitazama sakafu. Akaanza kusema kwa sauti ya chini, maneno machache, tukayapoteza kwenye mvua. Mzee akainua mkono.

"Simama, mwanangu. Kwetu ushuhuda hutolewa kwa kusimama."

Mdogo wangu alisimama. Alivuta kanga yake, na ule mkono aliozoea kuuficha ndani yake akautoa, akauacha uning'inie mbele yetu.

"Bwana asifiwe," alisema. "Mimi ni Yunisi. Nina kifafa, sijapona. Nameza vidonge asubuhi na jioni, na namshukuru Mungu kwa vidonge, na kwa dada yangu, na kwa mtu aliyekaa na mimi sakafuni wengine wakikimbia. Mkono wangu umeharibika na nina hasira. Namshukuru Mungu kwamba hata hilo naweza kulisema mbele yenu."

Akaketi. Aliyeitikia amina ni Mwinjilisti peke yake, kwa pumzi aliyokuwa nayo. Sisi wengine tulikuwa tunalia.